Riski: Kazi ya kulipwa kuuliza 'na jenereta ikikataa?'

Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Mtaani hiyo si habari. Mtu anawasha tochi ya simu, anawatusi watu wa stima mtandaoni, analala. Lakini kwenye uwanja wa ndege wa JKIA giza halikutarajiwa, kwa sababu pale kuna jenereta. Shida ni kwamba jenereta inayohudumia baadhi ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka. Watu wakabaki gizani na mabegi yao, picha zikasambaa dunia nzima, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen akaomba msamaha hadharani, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi.

Sasa hebu fikiria kidogo. Jenereta ilikuwepo. Ilinunuliwa kwa pesa nzuri. Ukiangalia kwenye karatasi, uwanja ulikuwa umejipanga. Swali ni nani aliyepaswa kukaa siku ya kawaida, stima ikiwepo na kila mtu akiwa na raha, aulize: "Na hii jenereta ikikataa, je?"

Kuna watu wanaolipwa mshahara kuuliza swali hilo. Wanaitwa maafisa wa usimamizi wa hatari za uendeshaji. Jina ni refu na halina mvuto, najua. Ofisini wenyewe hufupisha na kusema tu "niko riski". Ni mojawapo ya kazi ambazo hakuna mtoto wa darasa la nne anayesimama mbele ya mwalimu na kusema ndiyo ndoto yake. Nami nadhani ndiyo maana kijana wa mtaani mwenye macho makali anaweza kupata nafasi humo, akijua pa kugonga.

Maana yenyewe imewekwa wazi na Kamati ya Basel, kile kikundi cha wasimamizi wa benki za dunia kinachokutana kule Uswisi. Kwenye kanuni zao za 2004 walisema hatari ya uendeshaji ni ile ya kupata hasara kwa sababu ya taratibu mbovu au zilizofeli, watu, mifumo, au matukio ya kutoka nje. Mambo ya kisheria yamo ndani. Kuchagua biashara mbaya hakumo, wala kuharibikiwa jina.

Tulete hiyo lugha hadi kwa duka la M-Pesa pale steji. Ukimkopesha jirani elfu mbili naye ahamie Rongai bila kukuaga, hiyo ni hatari ya mkopo. Lakini dada anayekaa kwenye duka akikosea tarakimu moja na kutuma elfu ishirini kwa mtu wa Kakamega asiyemjua, hiyo ni ya uendeshaji. Simu ya kazi ikiibiwa, uendeshaji. Mtandao ukilala mwisho wa mwezi foleni ikiwa imefika barabarani, uendeshaji. Mwenye duka akigundua floti na pesa taslimu hazilingani na hakuna anayejua tofauti ilianza siku gani, hapo ndipo kwenyewe. Kile kitabu kikubwa ambacho wateja walikuwa wakiandika nambari ya kitambulisho na kutia sahihi, ambacho wengi wetu tuliona kama usumbufu, kilikuwa njia ya kudhibiti hatari. Miaka yote hiyo umekuwa ukishuhudia hii kazi bila kujua ina jina.

Hadithi ambayo kila anayetaka kuingia riski inafaa aijue ni ya Benki Kuu ya Bangladesh. Siyo kwa sababu ya wezi, ingawa wezi walikuwa moto. Ni kwa sababu ya printa.

Februari 2016, wadukuzi waliokuwa wamejificha ndani ya kompyuta za benki hiyo walituma maagizo 35 kwa tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, ambako Bangladesh iliweka akiba yake. Walitaka karibu dola milioni 951. Walituma Alhamisi usiku, kwa sababu Bangladesh wikendi huanza Ijumaa. New York wangeuliza maswali, Dhaka hakuna mtu ofisini. Dhaka wakirudi kazini, New York nao wako wikendi. Na pesa zilikuwa zinaelekea Manila, Ufilipino, ambako Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Hawa watu hawakuvunja kabati la pesa. Walisoma kalenda.

Sasa printa. Benki ilikuwa na printa moja iliyokuwa ikitoa nakala ya kila muamala usiku na mchana. Wezi waliizima. Wafanyakazi wakaja, wakaikuta haifanyi kazi, wakaona ni mambo ya kawaida ya printa. Nani kati yetu angefikiri tofauti? Printa za ofisi hukwama kila wiki. Kufikia wakati ilipowashwa na kuanza kutapika karatasi za maswali kutoka New York, dola milioni 81 zilikuwa zimeshapita kwenye akaunti za tawi moja la benki mjini Manila. Dola nyingine milioni 20 zilikuwa zimetumwa Sri Lanka, na hizo zilinaswa kwa sababu wezi walikosea kuandika jina la shirika la kupokea, wakaweka herufi 'a' mahali pa 'ou', na mtu kwenye benki ya katikati akashtuka.

Mtu wa riski husoma kisa hicho tofauti na polisi. Polisi anauliza aliyeiba ni nani. Riski anauliza: kwa nini usalama wa pesa za nchi nzima ulitegemea printa moja? Nani alipaswa kupigiwa simu ikizima? Ilikuwaje watu wakazoea kwamba kuzima kwake ni kawaida? Hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Ukiingia kazi yoyote leo, angalia kile ambacho watu wameshazoea.

Kuna kingine cha zamani ambacho hufundishwa kila mahali, cha Barings, benki ya Uingereza iliyoanzishwa 1762. Nick Leeson, kijana wa miaka 28, aliiangusha mnamo 1995 akiwa Singapore, kwa kuficha hasara kwenye akaunti nambari 88888 hadi zikafika pauni milioni 827. Benki ikauzwa kwa ING kwa pauni moja. Siri yake ilikuwa rahisi: yeye ndiye aliyefanya biashara, na yeye huyohuyo ndiye aliyesimamia ofisi ya kuandika hesabu za biashara hiyo. Ukitaka kuelewa, muulize mwenye matatu yeyote kwa nini hamwachii makanga akusanye nauli, aandike hesabu, na ajihakikishie mwenyewe kwamba hesabu iko sawa.

Na tusijifanye mambo haya ni ya Wazungu. Oktoba 13, 2015, Benki Kuu ya Kenya iliweka Imperial Bank chini ya mrasimu, baada ya wakurugenzi wa benki hiyo kutoa taarifa kwamba kulikuwa na mambo yasiyofaa yakiendelea ndani. Wateja waliamka asubuhi wakapata milango imefungwa na pesa zao hazigusiki. Kuna watu walikuwa wameweka karo humo, mishahara ya wafanyakazi, pesa za nyumba. Ukisikia mtu akisema kazi ya riski ni kujaza fomu, mkumbushe hao.

Lakini fomu zipo, sitakudanganya. Siku za kazi nyingi hazina msisimko wowote. Kuna sajili ya matukio, yaani daftari la kila kilichoharibika: pesa zilizolipwa mara mbili, mfumo uliolala dakika arobaini, mteja aliyefunguliwa akaunti kwa kitambulisho cha mwingine. Kila tukio unaandika lilianza wapi, limegharimu ngapi, limezibwa vipi. Kuna vikao ambapo unaketi na idara moja moja na kuwauliza kazi yao inaweza kuharibikia wapi, kizuizi ni kipi, na hicho kizuizi kinafanya kazi kweli au kiko kwenye karatasi tu. Hapo lazima uwe mtu wa watu, maana hakuna anayependa kukaa na mgeni wa kumwonyesha matundu. Kuna viashiria unavyofuatilia kila mwezi: idadi ya watu walioacha kazi, tofauti za hesabu ambazo zimekaa muda mrefu bila kusuluhishwa, wafanyakazi ambao hawajaenda likizo.

Hiyo ya likizo hushangaza watu. Jérôme Kerviel, mfanyabiashara wa benki ya Société Générale ya Ufaransa aliyehusishwa na hasara ya euro bilioni 4.9 mnamo 2008, alikuwa mtu wa kukwepa likizo. Ukienda likizo, mwingine anakalia kiti chako na kufungua faili zako. Ndiyo maana benki nyingi hulazimisha wafanyakazi wachukue siku kadhaa mfululizo. Kwa hivyo yule mwenzako anayesifiwa kwa kutowahi kukosa kazi miaka mitano, pengine ni mchapakazi. Pengine.

Nani anaajiri? Benki kwanza, kwa sababu hazina hiari. Benki Kuu ya Kenya ilitoa miongozo ya usimamizi wa hatari mnamo 2013, na hatari za uendeshaji zina sehemu yake humo. Sacco kubwa zinazochukua amana ziko chini ya SASRA. Kampuni za bima na kampuni za simu nazo zimo, na tangu 2022 hata zile za mikopo ya simu, zile zilizokuwa zikipigia mama yako ukichelewa kulipa, zinahitaji leseni ya Benki Kuu. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na Julai 2023, jukwaa la eCitizen liliposhambuliwa mtandaoni na watu wakakosa huduma za serikali, hata wale waliodhani riski ni habari za benki pekee walielewa. Kila mahali ambapo kazi imehamia kwenye mfumo mmoja, mtu anahitajika kuuliza mfumo ukianguka tutafanya nini.

Sasa twende kwa kile ulichokuja kusoma: unaingiaje?

Niseme wazi nilipo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipolemea, nikakaa kwenye duka la wakala wa pesa miezi kumi na moja kabla ya kuanza kuandika. Kwa hivyo sikuandikii kama mtu mwenye digrii ukutani. Lakini sitakwambia digrii haina maana. Matangazo mengi ya kazi za riski kwenye benki huomba digrii, mara nyingi ya biashara, uhasibu, takwimu au kompyuta, na mashine inayochuja maombi haina huruma na hadithi yako. Kama unayo, vizuri. Kama huna, mlango wa mbele ni mgumu, na unazunguka nyuma.

Nyuma ni wapi? Ni kwenye kaunta. Ni kituo cha kupokea simu za wateja. Ni ofisi ya kulinganisha hesabu, ambako mtu hukaa siku nzima akitafuta kwa nini pesa zilizotoka hapa hazikufika pale. Ni mtu wa kufungua akaunti anayeangalia vitambulisho. Hizo ndizo sehemu ambako hasara hutokea, na anayekaa hapo mwaka mmoja akiwa na macho wazi anajua vitu ambavyo mwenye shahada ya uzamili atavisoma kwenye ripoti. Pale dukani nilijifunza kwamba tapeli haji usiku. Anakuja saa ya foleni, anapiga simu ukiwa na wateja saba mbele yako, anajua jina la mdosi wako, na ana haraka. Kila kitu kwake ni haraka. Hilo halimo kwenye silabasi, na mtu wa riski analihitaji.

Kwa upande wa vyeti, Kasneb bado ndiyo njia ya wengi hapa. CPA inataka C+ ya KCSE, na usipoifikisha kuna kozi zao za ngazi za chini ambazo unaweza kupandia. Uhasibu unakufundisha pesa hutembea vipi, na huwezi kulinda usichokielewa. Kisha kuna vyeti vya kimataifa. FRM ya GARP ina sifa kubwa, na usajili wake haudai digrii. Ni mitihani miwili, wa kwanza maswali 100 na wa pili 80, halafu unaonyesha miaka miwili ya kazi ndipo upewe cheti. Lakini maoni yangu ni haya: usikimbilie huko kwanza. Unalipa kwa dola, hesabu zake ni nzito, na sehemu kubwa ni ya masoko na mikopo. Uendeshaji ni kipande tu. PRMIA wana cheti cha hatari za uendeshaji peke yake, na kuna kingine cha Institute of Operational Risk, ambayo siku hizi iko chini ya IRM ya London. Hivyo vinalenga shabaha zaidi, ila pia subiri mwajiri akulipie ukiweza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, soma vya bure. Kamati ya Basel ina waraka wa kanuni za usimamizi mzuri wa hatari za uendeshaji, uliorekebishwa 2021, na mwenzake wa mwaka huohuo kuhusu taasisi kustahimili misukosuko. Vyote viko kwenye tovuti yao bila malipo. Miongozo ya CBK pia iko wazi. Kiingereza chake ni kikavu kama githeri ya juzi, lakini ukivimaliza utakuwa umewapita wengi wanaokaa nawe kwenye chumba cha kusubiri mahojiano. Ongeza Excel, tena Excel ya kweli, si ile ya kuweka rangi kwenye visanduku. Na jifunze kuandika ripoti ya ukurasa mmoja ambayo mtu mwenye haraka ataelewa. Hiyo ya kuandika hupuuzwa sana, ilhali ndiyo nusu ya kazi.

Kuna upande mwingine ambao wauzaji wa kozi hawautaji.

Jirani yangu wa zamani, dada mpole sana, alikuwa keshia kwenye taasisi moja ya fedha hapa jijini. Foleni ikirefuka, msimamizi wake alikuwa na tabia ya kuomba paswadi yake ili "asukume kazi". Kila mtu pale alifanya hivyo. Siku moja pesa zikatoka kwenye akaunti ya mzee mmoja, na mfumo ukaonyesha jina la dada huyu. Uchunguzi ulichukua siku nne. Akafutwa. Msimamizi akabaki. Ripoti, alivyosimuliwa na mwenzake aliyeiona, ilisema chanzo ni "uzembe wa mfanyakazi".

Nimefikiria sana kuhusu aliyeandika ripoti hiyo. Kwa sababu alikuwa na swali lingine mezani: mbona kaunta tatu zinahudumia watu mia mbili, mpaka kugawana paswadi kukawa ndiyo njia pekee ya kumaliza siku? Swali hilo lingeelekea juu, kwa watu waliopunguza wafanyakazi. Jibu lililoandikwa lilielekea chini, kwa mtu asiye na wa kumtetea. Na kwa kuwa chanzo halisi hakikuguswa, naamini paswadi zinagawanwa pale hadi wa leo.

Hiyo ndiyo njia panda ya kazi hii. Unaweza kuwa mtu wa kutafuta wa kulaumu, au mtu wa kutafuta kilichoharibika. Mishahara inaweza kuwa sawa. Ila huyu wa pili mara nyingine humwandikia mdosi kitu ambacho mdosi hataki kusoma, siku ambayo bidhaa mpya inataka kuzinduliwa na matangazo yameshalipiwa redioni. Na ukizuia hasara, hakuna anayekupigia makofi, maana haikutokea. Isipozuiwa, wa kwanza kuulizwa ulikuwa wapi ni wewe.

Watu wa kaunta wakiamini kwamba ripoti zitawageukia, wananyamaza. Na wakinyamaza hakuna mfumo utakaokuokoa. Chama cha wachunguzi wa ulaghai duniani, ACFE, kilisema kwenye ripoti yake ya 2024 kwamba asilimia 43 ya visa vilivyochunguzwa vilijulikana kwa sababu mtu alidokeza, na zaidi ya nusu ya waliodokeza walikuwa wafanyakazi. Ukaguzi na mashine zilifuata nyuma kwa mbali. Kwa hivyo chombo kikubwa cha mtu wa riski ni kama keshia wa chini kabisa anaweza kukupigia simu bila kuogopa.

Ukianza kutafuta, usiandike neno riski pekee kwenye mitandao ya ajira. Tafuta pia udhibiti wa ndani, ukaguzi wa ndani, utiifu wa sheria, uchunguzi wa ulaghai, mwendelezo wa biashara, ulinganishaji wa hesabu. Milango ni mingi kuliko jina. Ukiitwa kwa mahojiano, nenda na kisa kimoja ulichokiona kwa macho yako, hata kiwe cha chama cha mama yako au cha kinyozi aliyeibiwa na mfanyakazi wake. Eleza kilianzia wapi, kizuizi gani hakikuwepo, na ungeweka nini kisichomfanya kila mtu apoteze saa nzima.

Halafu wakikuuliza kama una swali, usiulize chai hunywewa saa ngapi. Uliza mkuu wa riski hapo anaripoti kwa nani. Wakisema ni kwa bodi, kaa uendelee kusikiliza. Wakisema ni kwa yule anayesimamia mauzo, uliza mara ya mwisho riski ilikataa jambo ni lini, na ikawaje.